Chumba cha Kunyooshea Migongo

Mwaka wa pili tangu gari la moshi lianze kufika Dodoma, Ruthu alikuwa ameshakandika kuta nyingi za mji ule kuliko mwanamke mwingine yeyote. Alizaliwa Mpwapwa, jirani na misheni, akafundishwa kazi na mama yake, na mkono wake ulijulikana. Ukuta aliousiriba Ruthu ungeweza kuuegemea na nguo nyeupe ukaondoka safi. Alifika Dodoma kwa kumfuata mumewe, Sila, aliyeandikwa kazi ya kubeba reli.

Sila alikuwa mtu mrefu mwenye maneno mengi, na wenzake walipenda kubeba naye kwa sababu aliwachekesha. Lakini mvua zilipoanza mwaka ule, wanaume wanane walikuwa wamebeba reli moja begani, wawili wa mbele wakateleza kwenye tope, na uzito wote ukamwelemea yeye. Hakuvunjika mfupa. Ila mgongo ulikataa kunyooka tangu siku hiyo, akawa anatembea ameinama kama mtu aliyedondosha sindano na bado anaitafuta. Maneno nayo yakampungua.

Daktari wa reli alikuwa kijana wa Kijerumani, mwembamba, mwenye masikio yaliyobabuka kwa jua. Watu walimwita Bwana Viungo, maana kila asubuhi alisimama nje ya nyumba yake akirusha mikono na kuchuchumaa mara nyingi mfululizo, wala hakuna aliyejua anamkimbia nani. Yeye ndiye aliyejenga chumba nyuma ya stesheni kwa ajili ya watu walioumia migongo na magoti. Akaagiza vyombo kutoka pwani, akamwajiri Mzee Halfani, mkandaji hodari kutoka Kondoa, kisha akangoja wagonjwa.

Wagonjwa hawakuja.

"Na wewe nenda," Ruthu alimwambia mumewe.

"Nilikwenda."

"Ulifika mlangoni ukarudi. Jirani yetu Mama Tabu alikuona."

Sila aligeukia upande wa pili, kwa taabu.

Mvua ikaendelea, na ukuta mmoja wa chumba kile ukapata ufa. Ruthu akaitwa auzibe. Alikwenda na beseni lake la udongo kichwani, akamkuta Mzee Halfani ameketi kizingitini, anakanda magoti yake mwenyewe kwa kukosa ya watu wengine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Humo ndani hutamsumbua mtu."

Ruthu akaingia, na jambo la kwanza alilofanya ni kufumba macho. Kuta zote zilipakwa chokaa, nyeupe pe, na mlango mpana uliotazama sokoni uliingiza jua lote la saa nne. Juu palikuwa na bati tupu, na joto lake lilishuka utosini. Ukutani paligongomewa ngazi ya mbao, ndefu, isiyokwenda popote. Halfani alimweleza kwamba ni ya kuning'inia, mtu ashike juu aachie miguu ili mgongo uvutike. Katikati ya chumba lilisimama benchi la mbao, refu kufika kiunoni, kichwa chake kimeelekezwa ukutani. Kwenye pembe zake nne palikuwa na mikanda ya ngozi.

Ruthu aliziba ufa. Alipomaliza alinawa mikono, akalitazama benchi lile kwa muda, halafu akapanda akalala kifudifudi.

"We mama!" Halfani akaruka. "Unafanya nini?"

"Ngoja kwanza, baba."

Akalala kimya. Mbele ya macho yake palikuwa na weupe tu. Nyuma yake alisikia sauti za sokoni, mtu anacheka, nyayo za Halfani zikisogea, wala hakuweza kumwona. Mara nyama ya mgongo wake ikajikaza yenyewe, bila yeye kuiamuru. Akajua mahali alipopata kuona mtu amelazwa hivyo. Ilikuwa bomani, siku alipopeleka udongo wa kukandika ghala. Mtu amelazwa, uso chini, mikono imeshikwa, na askari amesimama nyuma yake na kiboko, anahesabu hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa sauti ya mtu anayepima nafaka.

Alishuka, akachukua beseni lake, akaenda nyumbani moja kwa moja.

Sila alikuwa ameketi uani, anasuka kamba. Ruthu akaketi mbele yake chini kabisa, ili mumewe asihitaji kuinua shingo.

"Nimelala kwenye lile benchi," akasema.

Mikono ya Sila ikasimama.

"Walikupiga wapi?" Ruthu akauliza.

Kuku alipita kati yao, akadonoa, akaenda zake.

"Kambini, kabla hujaja," Sila akasema. "Niliwachekesha wenzangu, msimamizi akadhani namcheka yeye. Walinilaza kwenye meza ya fundi seremala." Alivuta kamba, ikakatika. "Sikutaka ujue. Mtu mzima, Ruthu. Nililia kama mtoto, na watu wote wananitazama."

Ruthu alichukua ncha ya pili ya kamba akaanza kusuka kutoka upande wake, wakasuka mpaka mikono yao ikakutana.

Kesho yake alikwenda kwa daktari. Daktari alikuwa nje ya chumba, anatazama ufa uliozibwa, akapitisha kidole.

"Kazi nzuri," akasema kwa Kiswahili chake kilichopindapinda. "Mama, wewe jua watu. Kwa nini watu hapana kuja?"

Halfani, aliyekuwa kizingitini, akatazama chini.

"Bwana Daktari," Ruthu akasema, "benchi lile watu wanalijua. Ni la viboko."

"Hapana! La dawa. Mikanda kwa mtu asianguke."

"Mimi nimekuelewa. Lakini mgongo wa mtu aliyepigwa hauelewi hivyo. Unamlaza uso ukutani, unamfunga, unasimama nyuma yake, na mlango uko wazi soko zima linamwona. Atanyookaje?"

Masikio ya daktari yaliyokuwa mekundu yakazidi wekundu. Aliingia ndani, akalizunguka benchi mara moja, akashika mkanda mmoja, akauachia kama umemchoma.

"Wangapi wamepigwa?" akauliza polepole.

"Waulize wasimamizi wako," Ruthu akajibu, kisha akaogopa maneno yake mwenyewe.

Lakini yule kijana hakukasirika. Alikaa chini kizingitini pembeni mwa Halfani, jambo ambalo hakuna Mjerumani aliyewahi kulifanya mbele ya Ruthu. Baadaye akasema, "Basi, wewe fanya. Fanya chumba watu waje."

"Nitakifanya. Ila usiingie mpaka nikuite."

Benchi lilitoka siku ileile. Ruthu alikusanya wanawake wanne waliozoea kufanya naye kazi, wakaanza na mlango. Hakuuziba. Alijenga kiambaza, ukuta mfupi wa kukinga, ndani yake, hatua tatu kutoka kizingitini, ili anayeingia akunje kona kama aingiavyo mtu kwenye tembe, nyumba ya udongo ya kwao, na aliye nje asione kitu. Chini ya bati wakalaza fito na nyasi, wakakandika udongo juu yake, dari nzito kama paa la nyumbani. Joto likakoma siku ya pili. Mvua iliponyesha bati lilinguruma kwa mbali, kama ng'ombe wa jirani.

Chokaa aliifuta kwa udongo mwekundu aliochanganya na majivu, ikatoka rangi ya ndama. Sakafu aliijaza udongo wa kichuguu, wakaitwanga kwa magongo wakiimba, wakaipaka samadi, wakaisugua kwa mawe mpaka ikang'aa na mguu mtupu ukaona raha kuikanyaga. Mahali pa benchi akajenga kitanda cha udongo, kifupi, kimo cha goti, kipana mtu aweze kulala atakavyo, na kichwani akakiinua kidogo ili macho ya aliyelala yatazame anayeingia. Juu akatandika ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa mafuta.

Walipofika kwenye pembe ya kujifukizia, pa kumtoa mgonjwa jasho kwa mvuke wa majani, wakagombana na Mzee Halfani.

"Weka karibu na mlango," mzee akasema. "Moshi utoke."

"Karibu na mlango kuna upepo, baba. Mtu akitoka jasho atapata homa. Naiweka ndani kabisa."

"Mimi nimefukiza watu kabla hujazaliwa."

"Na mimi najua kuta."

Akaijenga ndani kabisa. Siku ya kujaribu wakawasha moto, wakaweka chungu cha majani, na baada ya muda mfupi watu sita walitoka mbio wanakohoa, machozi yanawachuruzika, Ruthu wa kwanza. Mzee Halfani alikaa kizingitini akijipangusa macho kwa kanzu, wala hakusema neno. Hilo ndilo lililomuuma Ruthu zaidi. Alibomoa pembe nzima akaanza upya karibu na mlango, akatoboa tundu la moshi juu, na kwa ajili ya upepo akazungusha kiambaza. Kazi ya siku tatu ikapotea hivyo.

Ikabaki ngazi ya mbao. Wanawake walitaka iondolewe ikawe kuni. Ruthu akaining'inia mwenyewe, akasikia kiuno kikivutika vizuri, akashuka anafikiri. Akasema isitolewe, ihamishwe ukuta wa kaskazini. Mbele yake akatoboa dirisha pana, kimo cha macho ya mtu anayening'inia. Dirisha lile lilitazama bondeni, kisimani, mahali ng'ombe wa mji mzima walipokuja kunywa maji.

Sila alikuja siku ya kufungua. Ruthu hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba sakafu imekauka na angependa jicho lake. Akaingia ameinama, akakunja kona ya kiambaza, akasimama. Aligusa ukuta. Akatazama kitanda, akatazama mahali pa kichwa, akageuka kupima atakachoona akilala.

"Nitaona pa kuingilia," akasema.

"Utaona kila anayeingia. Na Mzee Halfani atakaa ubavuni mwako, si nyuma."

"Hakuna mikanda."

"Hakuna."

Sila alilala kwa ubavu, polepole, anauma meno. Halfani akavuta kigoda, akajipaka mafuta ya mbarika mikononi, akaanza mbali, kwenye nyayo. Alikuwa akizungumza muda wote, habari za Kondoa, za mbuzi wake, za mkewe Mwanahawa aliyemshinda kwa maneno. Mikono ikapanda kidogo kidogo. Ilipofika mgongoni Ruthu aliona bega la mumewe likikaza, halafu likilegea. Mara akasikia sauti ambayo hakuisikia tangu mvua zianze. Sila alikuwa anacheka.

"Mzee, huyo mbuzi unamsingizia!"

Baadaye akalala usingizi palepale, mchana kweupe, kinywa wazi.

Wenzake walimsikia sokoni akisimulia, na siku ya nne wakaja wawili, ya tano wakaja saba. Waliojifukiza walitoka wanang'aa. Lakini kitu kilichompendeza Ruthu kuliko vyote ni ngazi. Daktari alikuwa amemwagiza Halfani wagonjwa waning'inie wakihesabu mpaka ishirini, na mwanzoni wote walikuwa wanaachia kwenye kumi. Sasa walikuwa wanahesabu ng'ombe.

"Yule mwekundu wa pembe iliyovunjika ni wa nani?"

"Wa shemeji yangu. Achia, zamu yangu."

"Ngoja! Kundi la Ipagala ndiyo kwanza linashuka."

Siku Ruthu alipomwita aingie, daktari alikunja kona akagonga kichwa kwenye fito, maana hakuzoea kuinama. Akatembea kimya kila upande, akapapasa dari, akanusa hewa ya majani. Akataka kumkanda mgonjwa mmoja kuonyesha namna fulani ya Ulaya, akaona kitanda ni kifupi mno kwake.

"Mimi mgongo utauma," akalalamika.

"Piga magoti, Bwana," Halfani akamwambia. "Au chukua kigoda."

Daktari akapiga magoti sakafuni. Mgonjwa, mbebaji wa mataruma ya kulazia reli aliyekuwa na mabega kama milango, akageuza uso akamtazama machoni, na wakatazamana hivyo, mmoja amelala mwingine amepiga magoti, mpaka mgonjwa akasema, "Hapo hapo, Bwana. Shuka kidogo."

Mgongo wa Sila haukurudi kama zamani. Asubuhi za baridi bado uliinama, na kazi ya reli hakuiweza tena. Daktari akamwombea kazi ya kuangalia tangi la maji la stesheni, na kwa sababu magari ya moshi yalikaa pale muda mrefu yakinywa, Sila akapata wasikilizaji wapya kila wiki. Sasa alitembea akitazama nyuso za watu.

Mwishoni mwa masika Mwanahawa, mke wa Halfani, alikuja uani kwa Ruthu na wanawake wengine watatu, mmoja amebeba mtoto wa siku arobaini.

"Wanaume wamepata pao," akasema bila kuketi. "Sisi tunazaa, tunatwanga, tunabeba maji. Kwani viuno vyetu ni vya chuma?"

"Nimeshapata kiwanja," Ruthu akasema, "nyuma ya nyumba ya Mama Tabu. Tatizo ni dirisha. Hatutaki kutazama ng'ombe."

"Nani kasema hatutaki?" akauliza yule mwenye mtoto.

Wakaanza kubishana, wote wanne kwa pamoja, na Ruthu akawaacha wabishane huku akichora kuta mchangani kwa kijiti.