Korongo Sokoni

Ofisini walimwita Chapuchapu, na jina hilo alilipenda mwenyewe mpaka siku lilipomgeukia.

Kazi ilikuwa ya kukaa, naye hakuumbiwa kukaa. Chai tu alikuwa anainywa huku anazunguka. Lakini ndiyo kazi aliyopata: chumba kirefu juu ya duka la rangi, madirisha hayafungi sawasawa, vumbi la barabarani linaingia bila hodi. Humo ndani dunia nzima ilikuwa inapangwa. Mbuga, misitu, visiwa vya kasa, mapango ya popo, pamoja na mashirika yanayovilinda, makubwa yenye magari na madogo yenye watu wachache na filimbi moja. Kila mahali paandikwe jina, pachorwe mpaka, itajwe nani analinda na anapatikanaje. Mtu popote pale duniani akitaka kujua kama sehemu fulani inalindwa au ni pori la kujitwalia, anafungua ramani yao. Akikuta kijani, kuna mwenyewe. Akikuta peupe, basi ni peupe.

Shule aliiacha mapema, si kwa ujinga, ni kwa sababu ya viti. Kazi hii alitafutiwa na shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye hapo ofisini ndiye mkaguzi. Vijana wakimaliza kuingiza habari, yeye anafungua, anatazama, anapitisha. Chapuchapu alikuwa analala kwao, anakula kwao, na asubuhi wanapanda ngazi pamoja kama ng'ombe na mkia wake.

Sasa pale ofisini walikuwa na desturi moja. Shirika likileta habari bila mpaka, huliachi nje. Unaliwekea kitone cha kijani kwenye anwani yake, pale wanapopokelea barua, halafu unafuatilia mpaka. Ukija, unauchora na kitone unakifuta. Ni kama kuacha kofia kwenye kiti: unashika nafasi tu, hakuna anayedhani kofia ndiyo abiria. Hakuna pale ofisini, lakini. Huko nje nani atajua?

Asubuhi moja simu ya mezani ikalia na ikaendelea kulia. Wenzake wote wakajifanya hawana masikio. Chapuchapu akainyanyua.

"Hapo ndipo mnapopanga ramani ya hifadhi?" Sauti ya mama, nzito, ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za mashine.

"Ndipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mwenyekiti wa walinzi wa kinamasi. Nina swali dogo tu. Kwa nini ndege wangu mmewahamishia sokoni?"

"Sokoni?"

"Sokoni. Nimeonyeshwa ramani yenu. Kitone kiko juu ya cherehani yangu, kati ya muuza nyanya na kinyozi. Mimi ni fundi nguo, na kibanda changu ndicho ofisi yetu. Sasa nauliza, hao korongo waje kunyolewa au waje kununua nyanya?"

Akacheka mwenyewe, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Chapuchapu naye akacheka kidogo. Bado alikuwa hajajua anachokicheka.

"Cheka tu, mwanangu, hata mimi nilicheka," mama akasema. "Ila huku kuna malori yanamwaga kifusi. Wanataka kujenga maghala. Nikisimama mbele yao, mwenye malori ananikunjulia ramani yenu: mama, nionyeshe kinamasi chako hapa. Namwonyesha, peupe. Kamati ya ardhi inakaa Alhamisi. Na wao wakiona peupe, tumekwisha. Nimepiga simu hapo kwenu mpaka kidole kimeota sugu, wewe ndiye wa kwanza kunipokea. Mungu akuweke."

"Mpaka mliutuma?"

"Tuliutuma, kwani vipi? Hatuna mtu wa kompyuta, kwa hiyo niliushona. Tuliuzunguka na wenzangu, kila pembe nikaitia uzi. Kijani ukingo, buluu mto, vifundo vyeusi viota. Kitambaa cheupe, kipana, ungedhani cha meza."

Chapuchapu akageuza shingo. Alikuwa anakitazama.

Kilikuwa kimekunjwa pembeni ya kompyuta yake, pale kinapokaa kila siku. Jioni anakikunjua anaifunika kompyuta vumbi lisiingie, asubuhi anakikunja. Kilipofika kwenye kifurushi vijana wa meza za jirani walivunjika mbavu. Karani wa barua alikinyanyua juu akasema, "Jamani, wametuletea kitambaa cha meza, bado chakula." Na Chapuchapu akasema kitakaa kwake kwa muda, atakichora. Wakati huo ramani ya mwaka ilikuwa karibu kutoka, na kuchora mpaka kutoka kwenye kitambaa si kazi ya kuruka juu juu. Akaweka kitone sokoni, akabonyeza palipoandikwa "imekamilika", akasonga mbele. Ndio uchapuchapu wenyewe huo. Tangu hapo kitambaa kimepata mduara wa chai katikati na alama za vidole pembeni.

"Upo, mwanangu?"

"Nipo, mama. Nitaangalia."

"Angalia, baba. Tunakutegemea wewe."

Bora angetukanwa.

Jioni dada yake alipakua chakula, na shemeji alikuwa na raha zake. "Shemeji, leo unatafuna kama mtu aliyebandikwa meno ya kuazima. Kuna msichana kakukataa?"

"Wamekwisha kumkataa wote," dada akasema. "Waliobaki hawajamwona tu."

Chapuchapu akasukuma tonge mdomoni. "Shemeji, kile kinamasi cha korongo ulikifungua wakati unakagua?"

"Kipi?"

"Chenye kitone."

"Kazi yako niifungue ya nini? Nikianza kumkagua shemeji yangu, dada yako atanilaza wapi?"

"Nje," dada akasema. "Na mbu wakukague wewe."

Wakacheka mpaka dada akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Chapuchapu akawatazama wanavyocheka, akaona yale maneno aliyoyaandaa njia nzima yakirudi tumboni moja baada ya jingine. Huyu mtu hakufungua kwa sababu alimwamini. Akimwaga ukweli haungui peke yake. Akalala na jambo lake, likamlalia yeye.

Kesho yake mkuu wa kitengo akawaita wote wawili. Mama mmoja mpole, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa amepata malalamiko ya fundi nguo.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Kama walituma mpaka na sisi ndio hatukuuchora, kosa ni letu. Tunarekebisha leo hii, tunaiandikia kamati ya ardhi kwamba tulikosea. Kama hawakutuma, wasubiri ramani ya mwakani. Ndiyo kanuni, siwezi kumbadilishia kila anayelia. Walituma?"

Shemeji akageuka kumtazama. Hakumkonyeza, wala hakumkunjia uso. Alimtazama tu kwa uso mweupe, uso wa mtu anayesubiri kuambiwa mambo ni shwari. Na Chapuchapu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kufikiria neno kabla halijatoka, safari hii alilifikiria.

"Hawakutuma," akasema.

"Haya. Mpigie mama wa watu umweleze vizuri. Usimpe jibu la mkato."

Akampigia. Alimwambia mpaka haukufika, kwa sauti nyembamba hata yeye mwenyewe hakuijua. Akasubiri matusi. Alikuwa anayataka.

"Basi ni mimi," mama akasema. "Kile kifurushi nilikifunga kwa uzi wa kulalia, ule dhaifu wa kushikizia nguo kabla ya kushona, nilikuwa nimeishiwa mzuri. Kitakuwa kilifunguka njiani. Wenzangu waliniambia, mimi nikabisha. Haya mwanangu, usijali. Nitashona kingine."

"Kabla ya Alhamisi?"

"Nitajaribu. Tatizo ni kwamba upande wa chini siwezi kuuzunguka tena, kumeshajaa kifusi. Nitashona kwa kukumbuka."

Akaaga kwa kumwombea dua. Chapuchapu akaurudisha mkono wa simu taratibu, kama una usaha. Kuna watu wanaokudai ukajificha wasikuone. Huyu alikuwa anajitwika mwenyewe deni la Chapuchapu, na bado anamwombea dua. Hapo utajificha wapi?

Asubuhi iliyofuata akakikunjua kitambaa mezani. Akakipiga picha, akaiingiza kwenye kompyuta, akailaza juu ya picha ya angani ya ule upande. Mwanzoni haikukaa. Mama alikuwa ameutanua mto mno, pengine kwa kuupenda, na kona moja aliikata kwa sababu kitambaa kiliisha. Chapuchapu akaivuta huku, akaivuta kule, mto wa pichani ukakutana na uzi wa buluu, na baada ya hapo mengine yakafuata. Alichora asubuhi nzima bila kuinuka. Chai ililetwa ikapoa. Karani wa barua alipita akamgusa paji la uso. "Huyu anaumwa," akawatangazia wenzake. "Amekaa."

Alipomaliza, kinamasi kilikuwa pale skrini kizima, kijani, kimejikunja kama sikio. Upande wa chini, kwenye picha ya angani, palikuwa na doa jekundu la udongo ambalo halikuwa na haki ya kuwa pale. Akamfuata shemeji kwenye kona ya mashine ya kuchapia.

"Walituma," akamwambia. "Ndicho hiki."

Shemeji akakiangalia kitambaa, akaona mduara wa chai. Alikuwa amekiona kila siku, sawa na wote. "Hiki si chako cha kufunikia?"

"Ndicho. Naenda kumwambia mkuu."

"Subiri kwanza." Shemeji akashusha sauti. "Jana umesema hawakutuma, mbele yangu. Leo wametuma. Mimi ndiye niliyepitisha. Unajua ataniuliza nini?"

"Kwa nini hukufungua."

"Na nimjibu nini? Kwamba ni kaka wa mke wangu?" Akajikuna shingo. "Tufunike kombe, bwana. Tuseme kifurushi kimefika leo, kilikwama posta. Mama anapata mpaka wake, sisi tunapata amani yetu."

Lilikuwa wazo zuri, na hilo ndilo lililomuumiza. Chapuchapu alilizungusha kichwani akaona linakwenda vizuri mpaka mahali pamoja. "Kikiwa kimefika leo, kosa si letu," akasema. "Kosa likiwa si letu, anasubiri mwakani. Umemsikia mkuu. Lazima liwe letu, shemeji. Bila hivyo kamati haiandikiwi."

Mashine ikachapa kurasa za mtu, ikanyamaza. "Heri ningekukagua," shemeji akasema mwisho, si kwa hasira, kama mtu aliyekumbuka ameacha mlango wazi. "Nenda. Mimi usiniombe nije na wewe."

Mkuu wa kitengo alisikiliza yote miwani mkononi. Hakufoka. Alikishika kitambaa kwa ncha za vidole, akasoma vifundo vyeusi vya viota kimoja kimoja, kisha akaiandika ile barua mwenyewe: ramani yetu ilikosea, eneo hili linalindwa, mpaka wake ni huu, uzembe ni wa ofisi. Ikaenda siku hiyo hiyo. Halafu akamwambia Chapuchapu akusanye vitu vyake, na shemeji akavuliwa ukaguzi, akarudishwa meza za kuingiza habari, pamoja na vijana aliokuwa anawakagua.

Alhamisi kamati ya ardhi iliyazuia malori. Mama ndiye aliyempa habari, Chapuchapu alipompigia kutoka barazani kwa dada yake.

"Wamesimama, mwanangu. Ile barua yenu imewasimamisha. Upande wa chini umekwenda, huo haurudi, kifusi hakizoleki. Ila juu wamesimama. Nilijua wewe hutaniangusha."

"Mama," akasema, "kitambaa chako kilifika. Hakikupotea. Uzi wako ulikuwa mzima. Mimi ndiye nilikuwa nacho, nilikuwa nafunikia kompyuta. Na nilipokwambia hakijafika nilikuwa nakitazama."

Cherehani iliyokuwa inalia nyuma ya sauti ya mama ikasimama. Akasikia soko, mtu anapunguziwa bei, mtu anacheka.

"Kilizuia vumbi?" mama akauliza.

"Kilizuia."

"Haya." Ile "mwanangu" haikufuata. Alingojea ije, haikuja. "Nirudishie basi. Kuna uzi wa kufumua, ule wa upande wa chini."

Simu ikakatika.

Alikifua kwa mkono, mara ya kwanza na ya pili. Alama za vidole zilitoka, mduara wa chai ukafifia ukabaki. Dada yake alimwona akisugua, akaja akamnyang'anya sabuni. "Utatoboa," akamwambia. "Kianike."

Shemeji alirudi jioni, akavua viatu, akapita chini ya kamba ya nguo. Kitambaa kilikuwa kinaning'inia hapo kimekunjuka chote, kijani, buluu na vifundo vyeusi. Akasimama akakitazama kwa muda. Chapuchapu, aliyekaa kwenye kizingiti, akangoja utani wowote, hata wa kuuma.

"Kimekauka hicho," shemeji akasema, akaingia ndani.

Chapuchapu akakianua. Alikikunja polepole akifuata mikunjo aliyoiweka fundi mwenyewe, akakifunga karatasi, kisha akaenda kumwomba dada yake uzi wa kufungia. Akachagua ule mnene.