Mkoromo wa Adhuhuri

Miezi minane baada ya kumzika mumewe, Emorut, Amuge alichoshwa na ukimya wa nyumba yake pale Adungosi. Akaenda Malaba kwa Zulaika, mama aliyefuga mbwa aina ya buldogi.

"Usichague kwa sura, dada," Zulaika alimwambia. "Hawa pua zao ni fupi, wengi hukoroma. Sikiliza pumzi."

Amuge akamwinua kila mtoto wa mbwa hadi sikioni, akachukua dume mmoja wa kahawia aliyepumua kimya kabisa.

Alimtunza kwelikweli. Kila asubuhi alimpangusa mikunjo ya uso kwa kitambaa chenye unyevu, kisha akaikausha isije ikafanya vidonda. Jua likipanda, alimlaza chumbani kwake kwenye sakafu ya saruji karibu na beseni la maji, kwani mbwa wa namna hiyo huuawa na joto.

Adhuhuri moja, akichambua mboga jikoni, alisikia mkoromo mzito ukitoka chumbani. Akacheka. "Kumbe hata wewe!"

Alipogeuka akamchungulie, mbwa alikuwa papo hapo nyuma yake, manyoya ya shingo yamemsimama, macho kayakaza kwenye mlango wa chumba.

Mkoromo ukaendelea. Ulipanda, ukakatika, ukaishia kwa mluzi mwembamba puani, vilevile alivyokoroma Emorut kwa miaka ishirini na miwili.

Amuge alimbeba mbwa, akausogelea mlango, akaufunga polepole kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Tangu hapo wanalala sebuleni. Kila Jumamosi Amuge huingia peke yake kubadilisha shuka, na kila mara huzikuta zimekunjamana upande wa ukutani, alikokuwa akilala Emorut.