Jina Alilolitaja Recho

Kwa jina lake Mola, Mpaji wa pumzi na Mpokeaji wake, ajuaye kilichomo katika kila tumbo kabla mama hajakijua, tunaianza habari hii ya majonzi.

Huko Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, aliishi mjane aitwaye Mektilda pamoja na mwanawe wa pekee, Dunstan, mvuvi. Dunstan alimwoa Recho, binti wa kijiji cha Maguu, kule milimani kwenye mashamba ya kahawa, naye Recho alikuwa na mimba ya kwanza. Mkunga wao alikuwa Bibi Ottilia, ambaye mikono yake ndiyo iliyompokea Dunstan mwenyewe.

Uchungu ulimshika Recho alfajiri. Jua likazama, likachomoza tena, mtoto asishuke. Dunstan akabisha hodi.

"Mama, niite pikipiki twende hospitali?"

"Kaa na nyavu zako. Haya si ya wanaume."

Mektilda alilelewa akiamini kwamba uzazi ukikwama, mke amemficha mumewe jambo, na mtoto hatatoka mpaka mwanamume wa nje atajwe. Alichelea Recho asije akafia njiani na siri yake, nyumba ikabaki na laana.

"Mtaje, mjukuu wangu," Ottilia akabembeleza, akimpangusa jasho. "Usinionee haya. Hata mimi ujanani sikuwa mtu wa kanisani tu."

"Sina wa kumtaja, bibi."

"Hawa wa milimani!" Mektilda akafoka. "Midomo mizito kama magunia ya kahawa! Utamuua mjukuu wangu kwa ukaidi?"

Kufikia adhuhuri Recho hakuwa na nguvu ya kulia. Akamshika mama mkwe kiganja, akasema polepole, "Joakim, mwana wa mzee Romanus. Ni yeye. Sasa nipelekeni."

Ottilia akapiga kigelegele hata kabla ya kulipima jina hilo. Mektilda alilipima. Joakim huyo alizama ziwani kabla Recho hajakanyaga Lundo. Recho alimjua kwa msalaba wa kaburi lake tu. Miongoni mwa wanaume wote, alimchagua yule ambaye kutajwa kwake hakungemvunjia mtu ndoa. Hapo Mektilda akatambua kwamba mkwewe hakuwa akiungama dhambi. Alikuwa akiomba ruhusa ya kuishi.

"Dunstan! Pikipiki! Upesi, mwanangu!"

Hospitalini Recho alipasuliwa. Baadaye daktari akawaeleza kwa upole: nyonga yake ni nyembamba, na kichwa cha mtoto kilikwama tangu jana. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekwisha kufa. Mama yu hai, ila kibofu kimejeruhiwa kwa kubanwa muda mrefu. Mkojo unamtoka pasipo hiari, naye atahitaji upasuaji mwingine.

Recho alipopata fahamu, alimtafuta mama mkwe kwa macho.

"Mama, ningemtaja mapema, mtoto angepona?"

Mektilda akapiga magoti sakafuni.

"Hukuwa na wa kumtaja, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuzuia kufika huku mapema."

Dunstan, aliyeketi upande wa pili wa kitanda, aliusikia ukweli huo, akageukia ukuta.

Ee Mola, mpokee mtoto mchanga yule asiyepewa jina. Mponye Recho mwili na moyo, mpe Dunstan subira, umrehemu Mektilda katika miaka iliyomsalia. Na kila mama aliye katika uchungu saa hii, mjalie watu wa kumwamini na kumfikisha mapema. Amina.