Ukungu Aliyekosa wa Kumsindikiza

Usiku wa jana niliota nimesimama katikati ya uwanja wa sherehe kisiwani Saint-Pierre, nimejifunga kanga na nimevaa soksi za mume wangu. Hakuna aliyeshangaa. Hata mimi sikushangaa, ila soksi moja ilikuwa nyeusi na ya pili ya kijivu, na nikaona aibu mbele ya wakwe.

Kisiwa hicho kiko kule juu karibu na Kanada. Watu wake wanasema Kifaransa, na baridi yake haina adabu. Agosti ndicho kiangazi chao, na bado mtu anatoka na sweta. Mwanangu Tausi ameolewa huko. Ndotoni mambo yalikuwa vilevile kama nilivyoambiwa jana kwenye simu: Tausi yuko hospitali, uchungu umeanza, mtoto amekaa vibaya tumboni, na daktari wa kumpasua anakuja kwa ndege. Ndege haitui. Ukungu umekikalia kisiwa tangu Jumapili.

Uwanjani sherehe inaendelea. Ni sherehe ya Wabaski, watu ambao mababu zao walivuka bahari kufuata samaki. Wanavaa nguo nyeupe na mshipi mwekundu, wanashindana kupasua magogo, kunyanyua mawe na kuvuta kamba. Safari hii hakuna anayeona kitu. Watazamaji wanapiga makofi wakielekea upande wowote. Mtu mmoja anapasua gogo kwa bidii, na mzee mmoja anamwomba aache, kwa sababu hilo ni benchi na yeye amelikalia.

Karibu na mguu wangu jiwe linasema, "Mama, kama umekuja kuninyanyua, chuchumaa kwanza. Watu wanaumia viuno, halafu lawama kwangu."

"Sikuja kunyanyua. Namtafuta daktari."

"Yuko juu. Sikiliza."

Nasikia ndege inazunguka juu yetu, inakwenda, inarudi. Tausi ni mwanangu wa pekee.

Mkwe wangu Yannick anatokea na kamba begani, nyuma yake wanaume wenye shingo nene.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hupo na mkeo?"

"Amenifukuza. Amesema nikimwambia tena avute pumzi, ataning'ata. Basi tukasema tumvute Ukungu kwa kamba. Kamba imerudi imelowa, mwenyewe hajasogea."

"Mmezungumza naye?"

"Mama, kwetu Ukungu hasemeshwi. Akija, tunangoja."

Pembeni, Kiangazi amekalia sanduku lake, hajalifungua. "Nimefika jana na kesho naondoka," ananiambia, "lakini na mimi sipati ndege." Nikampa pole.

Mlango wa uwanja wa ndege umeandikwa UKUNGU NDIYE MWENYE KUAMUA. Nausukuma, najikuta sebuleni kwangu Tabora, na vitambaa vyangu vya kufuma viko juu ya viti. Ukungu amekaa kwenye kochi la wageni, amekunja nne. Sehemu yake kubwa imetokea dirishani na kukifunika kisiwa. Bibi mmoja wa uwanja wa ndege anammiminia kahawa.

"Hodi," nasema, ingawa ni kwangu.

"Karibu," anasema Ukungu, ingawa si kwake. Anasema Kifaransa, na kila neno naelewa.

Nilikuwa nimekuja na maneno makali. Mtaani wananijua, subira sina. Lakini nilipomtazama nikaona ana huzuni, nikayaacha.

"Baba, unaondoka lini?"

"Nimeshaaga, mama. Tangu Jumapili. Nilisimama nikasema, haya, mimi niende. Wakasema sawa. Nikafika mlangoni, nikageuka. Hakuna aliyenyanyuka. Nikarudi nikakaa."

"Hakuna aliyekusindikiza?"

"Hata hatua moja."

Nikamgeukia yule bibi wa kahawa. "Tulidhani njia anaijua," akasema.

Niliwaonea haya wakwe zangu, haya kuliko ile ya soksi. Watu wema, wakarimu, kahawa wanatoa, lakini wamemwacha mgeni atoke peke yake kama muuza mitumba. Nikakaza kanga. "Haya, baba, twende nikutoe kidogo."

Akanyanyuka papo hapo.

Mlangoni akasimama, akakumbuka habari ya meli moja. Nikasikiliza. Getini akakumbuka habari ya aliyeijenga meli ile. Nikasema, "Kumbe!" Kwenye kona akauliza hali ya mume wangu, nikasema hajambo, ni magoti tu. Juu ndege inazunguka. Nataka kumsukuma. Nataka kupiga kelele. Naikunja mikono ndani ya kanga, naendelea kusema kumbe.

Tunafika ufukweni. Mawimbi yanatupisha.

"Na watoto?" anauliza.

"Ninaye mmoja," nikasema. "Yuko hospitali hapo nyuma yetu. Daktari wake yuko kwenye hiyo ndege. Naogopa, baba. Naogopa sana."

Ukungu akasimama. "Mama! Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Ningesemaje? Mgeni anaharakishwa?"

Akaanza kujikusanya haraka, kama mtu anayeanua nguo mvua ikija. Akajitoa kwenye mapaa, kwenye mnara wa kanisa, kwenye uwanja wa sherehe. Nyumba zikaonekana, za njano, za buluu, nyekundu. Watazamaji wakagundua kwamba walikuwa wakilipigia makofi duka la mikate. Ndege ikashuka, magurudumu yakagusa chini, nami nikakaa mchangani nikalia kwa furaha bila kujificha.

Ukungu naye akalia kidogo, ikawa manyunyu.

"Sasa wewe utarudije?" akauliza. "Tabora ni mbali."

"Usijali, baba, njia naijua."

Akaniangalia. Nikajua nimekosea.

"Twende," akasema. "Nami nikusindikize."

Nikaamka. Kumepambazuka, jua la Agosti la Tabora limeanza kuchoma bati, na vumbi la kiangazi limejaa kama kawaida. Nje, jirani yangu Mama Shija alikuwa anafagia. Akaniita kwa sauti ya kunilaumu.

"Mama Tausi! Mgeni wako mbona anaondoka peke yake?"

Nikafungua mlango. Kizingiti kilikuwa kimelowa. Pale kwenye ua wa minyaa, kitu cheupe, laini, kimo cha mtoto, kilikuwa kimesimama kinanitazama. Nilitaka kusema karibu ndani, nikajiziba mdomo kwa mikono miwili, asije akakaa tena. Halafu nikaishusha mikono, nikacheka. Kama yuko kwangu, basi kule hayuko.

Simu ikalia. Alikuwa Tausi mwenyewe, amechoka, na karibu naye kichanga kinalia kwa hasira.

"Mama, ndege ilitua. Ni wa kike. Unamsikia?"

"Namsikia, mwanangu. Namsikia. Usikate, nieleze yote," nikasema huku navaa kandambili. "Nakusikiliza huku natembea. Kuna mtu namsindikiza mpaka barabarani."