Benchi la Wadhamini

Benchi la wadhamini lilichongwa kwa ajili ya watu sita, na Jumatatu ile saa tatu na dakika kumi asubuhi walikuwa wamebanana saba, wanne kati yao marehemu. Mlinzi alikuwa amewaomba hao wanne wapanguse viatu kwenye zulia la mlangoni, maana walikuja na udongo na mfagiaji alishalalamika mara mbili. Wa mwisho, aliyekalia ukingo wa benchi karibu na kapu la taka, alikuwa baba yake Fundi.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwandishi wa programu ghorofa ya pili ya benki hiyohiyo. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu akiambiwa kitu kimeharibika haulizi nani kakiharibu, anauliza kiko wapi. Siku hiyo alishuka chini kumsindikiza mama yake, mshonaji wa mapazia, aliyesimama dirisha la tatu na fomu ya kutoa pesa mkononi.

"Mama, bado sahihi ya mdhamini," alisema karani.

Mama akageuka kutazama benchi. "Mzee, unaitwa."

Baba akaja taratibu katika koti lake la kijivu. Aliisoma fomu mbele, akaigeuza akasoma na nyuma, ingawa nyuma hakukuwa na kitu.

"Chumba cha duka?"

"Cha duka. Pale kona, mkabala na duka la dawa. Mwenye nyumba kanipa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Ikipita hapo anampa muuza simu."

"Nitafikiria," alisema baba. Akaikunja fomu mara nne, akaitia mfuko wa ndani, akarudi kukaa.

Hilo ndilo jibu alilompa mkewe miaka kumi na tisa, kila alipotaja duka. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti, na mshahara wake wote ulifika nyumbani. Alikuwa mtu wa kufikiria tu, basi. Sasa alikuwa na miaka minne kaburini, na nafasi ya kufikiria ilikuwa imeongezeka.

Sharti la mdhamini halikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya benki. Lilikuwa ndani ya mfumo. Miaka thelathini nyuma, mwandishi wa programu wa kwanza wa benki aliandika kalibu moja, kielelezo cha kunakiliwa, akaiita Akaunti, na kutokana na hiyo wenzake waliomfuata wakazalisha nyingine: Akaunti ya Akiba, Akaunti ya Biashara, Akaunti ya Vikundi, Akaunti ya Mwanafunzi. Kazi hiyo ndivyo ilivyo. Huandiki kila kitu upya kila siku kama mwendawazimu. Unamwandika mzazi mara moja, na kila mtoto anarithi alichonacho mzazi: namba, salio, namna ya kuweka na namna ya kutoa. Mtoto anaongeza lake dogo, na akitaka anaweza kuandika namna yake mwenyewe ya kutoa. Asipoandika, anatoa kama mzazi.

Na mzazi huyo, Akaunti, katika mstari wake wa mia mbili na kumi na mbili, alisema hivi: mwenye akaunti akiwa mwanamke, na kiasi kikiwa kikubwa, aitwe mume. Akiwa hana mume, aitwe baba. Yule mwandishi wa kwanza hakusema lolote kuhusu mume au baba aliyefariki, kwa hiyo mfumo uliita, na walioitwa wakaja. Meneja hakuona tatizo. Marehemu hawakuwahi kuchelewa.

"Mama, hii ni kazi ya dakika arobaini," Fundi alisema walipofika kwenye ngazi.

"Usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yangu."

"Wewe nenda kapime mapazia."

Kumgusa mzazi kulihitaji ruhusa ya Kamati ya Mabadiliko, wanaume saba waliokutana kila baada ya miezi mitatu, na walikuwa wamekutana Alhamisi iliyopita. Lakini kuzaa mtoto mpya hakukuhitaji ruhusa ya mtu, na mteja aliweza kuhamia kwa mtoto yeyote kwa kujaza fomu moja. Fundi akakaa, akavuta kiti, akaandika Akaunti Huru. Aliipa namna yake ya kutoa, mistari tisa safi isiyotaja mume wala baba. Alimaliza kwa dakika thelathini na nne, akaenda kula.

Jumatano mama, akiwa ameshahamia Akaunti Huru, alirudi dirisha la tatu na fomu mpya ya kutoa. Karani akabonyeza. Mlango wa pembeni ukafunguka, baba akaingia, akapangusa viatu, akaketi na gazeti lake.

Fundi aliteremka ngazi mbilimbili. Alikuwa na hasira, na alifurahi kumwona, yote mawili kwa pamoja, na hakuona sababu ya kujidanganya kwamba ni moja tu. Alimletea kikombe cha chai. Baba hakuinywa, aliishika kwa ajili ya joto.

"Na hii nayo," alisema, akiipokea fomu ya pili, "nitaifikiria."

Fundi akapanda juu na kulisaka kosa. Hakulisaka sana, maana lilikuwa mstari wa kwanza. Katika chumba chao kulikuwa na utaratibu wa tangu enzi: mtoto akiandika namna yake ya kufanya jambo, lazima kwanza amwite mzazi alifanye kwa namna yake, ndipo mtoto aendelee. Wenyewe waliuita shikamoo. Fundi alikuwa ameandika shikamoo maelfu kwa maelfu katika miaka minane, na safari hii vidole vyake viliiandika kabla kichwa hakijafika.

"Ukimwamkia lazima akujibu," alisema jirani yake wa meza, mtu mnene aliyekula karanga kutwa nzima. "Na huyo mzazi wetu majibu yake marefu."

"Naifuta."

"Futa uone."

Aliifuta. Mashine ya ukaguzi, iliyopitia kila kilichoandikwa kabla hakijaingia kazini, ikaukataa mstari wake wa kwanza kwa maandishi mekundu: mtoto hajaamkia. Akajaribu tena Alhamisi asubuhi kwa njia nyingine, ikakataa. Akajaribu ya tatu. Jirani alikuwa amemaliza pakiti ya karanga na kufungua nyingine.

Saa nane mchana Fundi aliacha kuandika, akasoma mashine yenyewe ya ukaguzi imeandikwaje. Akacheka peke yake. Mashine ilitaka shikamoo iwepo. Haikuuliza iko wapi.

Akaichukua shikamoo kutoka juu, akaiweka chini kabisa, baada ya pesa kutoka. Maandishi yakarudi ya kijani.

"Mtoto gani huyo," alisema jirani, "anakula, ananawa, ndipo anaamkia?"

"Mtoto mwenye njaa," Fundi akamjibu.

Ijumaa saa tano na dakika ishirini mama alipokea pesa zake dirisha la tatu. Alizihesabu mara mbili, akazitia kwenye mkoba wa kushonea, chini ya futi kamba na kasha la pini. Alikuwa anafunga zipu, mlango wa pembeni ukafunguka. Baba akapangusa viatu, akatazama mkoba, akamtazama mkewe.

"Mmeshatoa?"

"Tumeshatoa."

"Si nilisema nitafikiria?"

"Fikiria, mzee wangu," mama alisema, akimnyoosha kola ya koti. "Ukimaliza, utanikuta dukani."

Saa tano na dakika hamsini alikuwa na ufunguo. Muuza simu alifika saa sita kasoro dakika mbili akakuta mama amepanda ngazi ya mbao, anapima dirisha.

Kamati ilikutana baada ya miezi mitatu. Fundi aliwapelekea kurasa saba, akazieleza akiwa amesimama wima. Alitaka mstari mmoja tu ufutwe kwa mzazi, na watoto wote wangepona siku hiyohiyo. Walimsikiliza vizuri. Wawili waliandika.

"Mzazi huyu," alisema mwenyekiti, "ana akaunti elfu themanini chini yake, na hajatuletea shida miaka thelathini. Tumguse kwa nini?"

Waliamua Akaunti Huru ifungwe kwa wateja wapya, na aliyemo abaki. Aliyemo alikuwa mmoja. Kisha, kwa kuwa malalamiko ya wadhamini kubanana yalikuwa ya kweli, wakapitisha benchi la pili, lenye mito. Mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye mumewe alifariki miaka kumi na moja iliyopita na bado marehemu huyo aliitwa benki kila mwisho wa muhula, alimsimamisha Fundi pale ukumbini.

"Nasikia kuna dawa. Na mimi je?"

"Bado, mwalimu," alisema Fundi, na jibu hilo lilimuuma kuliko kurasa saba zilizotupwa.

Mwezi uliofuata Fundi alipata nyumba, vyumba viwili na ua mdogo, na muuzaji alitaka malipo ya awali. Hakuwahi kutoa kiasi kikubwa hivyo. Alijaza fomu, akashuka, akasimama dirisha la tatu kama mteja mwingine yeyote. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kugusa akaunti zao wenyewe, na hakuwa na mume.

Karani aliinamisha macho. "Fundi, bado sahihi."

Hakuuliza ya nani. Mstari ule aliujua kwa namba. Baba alikuwa tayari kwenye benchi jipya, amemwekea nafasi kwa gazeti lililokunjwa. Alivaa tai ya bluu, ile Fundi aliyomnunulia kwa mshahara wake wa kwanza. Hasira ilimpanda Fundi hadi masikioni. Alikuwa amemkumbuka sana pia. Akachukua namba kwa mlinzi, akaenda akaketi kando yake, fomu juu ya magoti.

"Shikamoo, baba," alisema, kabla ya neno jingine lolote.

"Marahaba, mwanangu." Akatoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa ncha ya tai. "Haya, nisomee polepole. Unataka kutoa kiasi gani, na cha nini?"