Jiwe Lisilolia

Mimi si mtu wa kubembeleza, lakini baba nilimbembeleza wiki nzima aje kusikiliza muziki wetu. Nilimwambia hakutakuwa na nyimbo wala kucheza. Tungepiga mawe bila kupanga sauti mapema, tukiifuata ardhi ya Nairobi kutoka chini hadi juu: mwamba mweusi, majivu ya volkeno, halafu udongo. Akaniuliza kama nilisomeshwa ili nije kugonga mawe kama yeye.

Baba yangu, Ogola, alichonga mawe ya kujengea kwa miaka ishirini na sita. Huko machimboni, kabla ya kukata mwamba, fundi huugonga kwa nyundo na kusikiliza. Ulio mzima hulia kama kengele. Wenye ufa hutoa sauti butu, na hapo watu huondoka chini yake. Sikio la baba liliaminiwa kuliko yote. Hata hivyo, miaka minne iliyopita mwamba alioupima yeye ulimwangukia rafiki yake Lazarus. Baba aliapa kwamba ulilia vizuri. Tangu hapo hajashika nyundo. Nereah, mjane wa Lazarus, kila tukikutana kituo cha matatu cha Satellite huniuliza: ule mwamba ulitoa sauti gani?

Nilimwalika na yeye. Nakiri, nilifanya makusudi. Nilikuwa nimechoka kuishi na kile kimya cha baba nyumbani kwetu Makina.

Tulianza saa kumi na mbili jioni katika ukumbi wa kanisa karibu na kituo cha 46, Kawangware, mbele ya watu kama thelathini. Mwenzangu Muiruri alivuta upinde juu ya nyuzi nene za gitaa lake mpaka viti vikatetemeka. Jackie, wa tatu wetu, alimwaga mchanga polepole juu ya bati. Mimi niligonga mawe niliyoyalaza juu ya vipande vya mbao, nikapanda tabaka kwa tabaka. Mama mmoja huko nyuma akauliza wimbo utaanza lini.

Tulipofika kwenye tabaka la majivu, jiwe moja likatoa sauti butu. Nilikuwa nimeliokota tu kwenye mjengo, sikulipima. Nikaligonga tena, maana katika muziki wetu ukiteleza unarudia mpaka kosa lipate mahali pake. Mara ya tatu baba akasimama.

Alikuja mbele, akanishika mkono. Muiruri akaacha kuvuta upinde. Baba akachukua nyundo yangu, akaligonga lile jiwe mara moja tu, akainamisha kichwa. Uso wake uliniogopesha. Kisha akageuka, akamtafuta Nereah katikati ya watu.

"Shemeji," alisema, "hii ndiyo sauti ya siku ile. Niliisikia. Lori lilikuwa linangoja, mvua inakuja, nikawaambia iko sawa."

Nereah alikuja mbele amekumbatia mkoba wake. Nilidhani atampiga, na singemzuia. Alinyoosha mkono tu, akapewa nyundo. Akagonga, akasikiliza. Akagonga tena, taratibu, kama mtu anayejifunza kusoma. Baba hakuondoka kando yake. Nilimwonea huruma ambayo sikuwa nimejiandaa nayo.

"Na Lazarus," Nereah aliuliza bila kuinua macho, "yeye aliisikia?"

"Aliisikia," baba akasema. "Aliniangalia kwanza. Nikamwambia aingie chini yake."

Nereah aligonga tena. Hatukuongeza sauti yoyote, tulimwachia muziki wote.