Tiketi ya Mayala Ngassa

Vumilia alifika Shinyanga mjini na tiketi ya mumewe ameifunga kwenye pindo la kitenge. Ilikuwa wiki ya tatu tangu duara, lile shimo la dhahabu, limfukie Mayala kule Segese. Mayala alikuwa ameinunua mapema kwa ajili ya mechi ya Jumapili hiyo, na jina lake lilichapwa juu. Vumilia alitaka kuirudisha tu.

"Pole sana, mayu," alisema Agnetha, karani wa dirisha la tiketi uwanjani, akimwita mama kwa Kisukuma. "Masharti yako nyuma. Hairudishwi, haihamishwi. Na kumuuzia mtu mwingine ni kosa, mnashtakiwa wote wawili."

"Hata mwenyewe akifa?"

Agnetha aliigeuza tiketi, akasoma tena. "Mambo ya kufa hawakuandika."

Mwanamume mmoja kutoka Mhunze, Kalisti jina lake, alikuwa amesikia yote. Alimfuata Vumilia pembeni. Tiketi zimekwisha, alisema, naye yuko njiani tangu alfajiri. Atalipa bei ileile. Vumilia alikiwaza kile kiti kitupu katikati ya watu wanaoshangilia. Akampa.

Langoni, mlinzi aliipitisha tiketi kwenye mashine. "Mayala Ngassa?"

"Ni mimi," Kalisti akajibu.

Vumilia, aliyemsindikiza hadi hapo, aligeuka. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, lakini jina lilikuwa limeitwa na mtu kaitika. Papo hapo simu ya marehemu, aliyoiacha kwenye chaji siku ile ya mwisho, ikatetemeka mkobani: "Mayala Ngassa, umeingia uwanjani. Karibu."

Alikimbia dirishani, akaungama kila kitu. "Nishtakini, lakini mtoeni. Andikeni kwamba ametoka."

Agnetha alishusha sauti. "Mashine inaandika wanaoingia tu, mayu. Wanaotoka haiwajui."

Hakumwita polisi. Alimletea kiti.

Mechi ikaisha, watu wakamwagika nje. Vumilia alikagua kila uso, Kalisti hakumwona. Labda alipitia lango jingine. Akaendelea kutazama, ingawa hakuwa tena akimtafuta Kalisti.

Jua likiwa linazama, mlinzi alikuja na kufuli.

"Wamekwisha wote, mama."

"Bado mmoja," alisema Vumilia, akashika ukingo wa lango lisifungwe.

Mlinzi alichungulia majukwaa matupu, akamtazama mama yule, kisha akasimama kando yake, kufuli mkononi.